Damu ya puani: je, ni lazima nipasuliwe?

SWALI: Daktari, mimi ni seremala. Huu ni karibu mwaka mzima natokwa na damu puani, upande wa kulia tu, hasa asubuhi ninapopenga kamasi. Nimeambiwa kwamba ukuta wa pua umepinda na unahitaji kunyooshwa kwa upasuaji, ilhali mke wangu anasema ni presha. Nifanyeje?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kukubali kisu, ijulikane kwanza damu inatokea wapi, kwa maana pua nyingi zilizopinda hazitoi hata tone. Mara nyingi chanzo huwa mbele, kwenye ukuta unaotenganisha matundu ya pua, ambako mishipa midogo hukutana chini ya utando mwembamba mno. Ukuta ukipinda, hewa hupiga mahali pamoja mpaka pakauka na kufanya kigaga, nawe unapopenga kigaga hung'oka na mshipa hupasuka. Presha ipimwe, ingawa kwa kawaida huifanya damu ichelewe kukatika kuliko kuianzisha. Kama unameza aspirini, mtajie daktari.

Bingwa wa masikio, pua na koo, ambaye kwenu Moshi utampata hospitali ya KCMC, atachungulia kwa kamera nyembamba. Akiuona mshipa, atapaka ganzi na kuuchoma kwa kijiti chenye naitreti ya fedha, yaani kemikali ya kuunguza, nawe utaona pamegeuka kijivu. Hachomi pande zote mbili kwa siku moja, kwani ukuta unaweza kutoboka. Baada ya hapo ni mafuta ya mgando na maji ya chumvi ya puani. Kunyoosha ukuta kuna maana pale unapokuzibia pumzi, au unapomzuia daktari kuufikia mshipa unaovuja.

Kinachonishughulisha zaidi ni huo upande mmoja pamoja na kazi yako, kwa sababu vumbi la mbao, likivutwa kwa miaka mingi, huongeza hatari ya saratani ya pua. Ni ugonjwa wa nadra, lakini omba pua ikaguliwe mpaka ndani kabisa kabla ya kuzungumzia kunyoosha, na uvae barakoa unapopiga randa na msasa.

Damu ikianza, keti, inama mbele wala usiegemee nyuma, ubane sehemu laini ya pua, si mfupa, kwa dakika 10 hadi 15 bila kuachia. Ikipita nusu saa haijakatika, nenda hospitali hata kama ni usiku wa manane.