Tunakwenda wapi, mkufunzi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni karani wa hesabu katika ofisi ya ushirika hapa Masasi. Tumeletewa programu mpya ya kuchambua mauzo ya korosho na kupanga bajeti ya msimu. Mkufunzi anasema data zimekaa kwenye "kyubu" yenye "daimensheni". Mwenzangu mmoja anaandika "mielekeo", mwingine "vipimo". Kesho kutwa tunaanza kuandika mwongozo wa makarani wa AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika wa mazao), tushike lipi? Halafu mkufunzi hachoki kusema "tunakwenda kubofya", na ameandika ubaoni: "Msimu huu tunakwenda kukusanya kilo 40,000." Hicho nacho ni Kiswahili?

JIBU: Marahaba. Hilo la mwisho umelitia kama nyongeza, kumbe ndilo lililonifanya nisogeze kikombe pembeni. Ngoja kwanza nimalize la mwanzo.

"Mielekeo" itupeni. Mwelekeo ni kule jambo linakoelekea: bei inaelekea kupanda, mvua inaelekea kuchelewa. Ripoti zenu zitahitaji mwelekeo wa bei za mnada, na mkishaita ghala nalo "mwelekeo", karani wa kijijini atakutana na "mwelekeo wa mwelekeo" na kuufunga mwongozo. "Vipimo" ina udhuru kidogo, kwa kuwa neno la Kizungu lenyewe limetoka kwenye Kilatini cha kupima. Ila ndani ya programu kipimo kina kazi yake tayari. Ndicho kinachojibu "kiasi gani": kilo, magunia, shilingi, na bei (ambayo haijumlishwi, hata meneja akisisitiza). Mnachotafutia jina ni kile kinachojibu "ya nani, ya wapi, ya lini, ya daraja gani", na jina hilo mnalo mdomoni kila siku: "Kwa upande wa daraja la kwanza tumefanya vizuri, kwa upande wa ghala bado." Andikeni upande, wingi pande. Kyubu ni mchemraba, mlisoma shuleni. Msibishane tu na mwanafunzi atakayewahesabia pande 6, maana wa programu unaweza kuwa na 4 au 15.

Upande mmoja unaweza kubeba ngazi za namna mbili. AMCOS ya Masasi hupanda hadi MAMCU, chama kikuu cha ushirika, kiushirika, na hupanda hadi wilaya na mkoa kiutawala. Kutoka jumla ya juu hadi AMCOS moja moja ni kushuka ngazi, basi, si "kuchimba chini", tafsiri ya "drill down" ya Kiingereza. Wanaochimba wako Mnazi Bay na Songosongo, kwenye gesi, na hata wao sijasikia kwamba kuna siku walichimba juu.

Sasa hiyo "tunakwenda".

Imetapakaa kama magugu. Mgeni rasmi "anakwenda kuzindua" hali mkasi uko mkononi na utepe uko puani. Mtangazaji "anakwenda kukuletea" taarifa na hajanyanyuka kitini. Mpishi wa televisheni "anakwenda kuongeza chumvi" huku chumvi inamdondoka vidoleni. Kwenda, katika Kiswahili nilichokikuta, kunataka miguu, au angalau bodaboda. Mama wa Newala akikwambia "nakwenda kuokota korosho", ameshabeba ndoo, na ukimtaka utamfuata shambani. Mkufunzi wenu akisema "tunakwenda kubofya", anakwenda wapi? Kitufe kiko chini ya kidole chake!

Ningeyaacha yapite, maana umri humfundisha mtu kuchagua ugomvi, lakini tazama yamesemwa wapi. Programu ya mipango inaishi kwa kutenga kilichotokea na kinachokusudiwa. Mwaka 1993 Edgar Codd, yule aliyeweka mwaka 1970 msingi wa hifadhidata za majedwali yanayohusiana, aliandika na wenzake kanuni 12 za programu za uchambuzi wa namna hii, na ya kwanza inataka mtumiaji aione data yake kwa pande nyingi. Zikitumika kupanga bajeti, upande mmoja ndio huo wa kutenga halisi, bajeti na makadirio. Chukua hiyo 40,000 ya ubaoni. Peke yake si kitu. Ipe kipimo: kilo. Ipe AMCOS, ipe daraja la pili, ipe Novemba. Bado! Hizo kilo zimepokelewa ghalani, au mlitarajia zipokelewe? Mkilisahau hilo, programu itawajumlishia halisi na bajeti bila aibu, na chama kitajikuta kina korosho ambazo hakuna mkorosho uliozizaa.

Kiswahili kilishayatenga hayo, tena kwa silabi moja moja. "Tumekusanya kilo 40,000": ziko ghalani, stakabadhi zimetolewa. "Tulikusanya": hayo ya msimu uliopita. "Tunakusanya": mizani iko kazini. "Tutakusanya": ni bajeti, tumwombe Mungu. Na "tunakwenda kukusanya"? Mkulima ataelewa lori liko njiani, atoe magunia barazani akae kusubiri. Meneja ataelewa ni lengo. Mkaguzi ataelewa kuna jambo linafichwa. Sentensi moja imeangukia seli tatu za mchemraba, na aliyeiandika hajui ipi ni yake. Kama ni bajeti, -ta- inatosha, na wino unabaki.

Vijana wa isimu wataniambia lugha nyingi zimejiundia wakati ujao kutokana na kwenda. Kweli. Na hiyo -ta- ninayoitetea nayo ilikuwa kitenzi kizima, kutaka. Mabaki yake yako wazi katika "atakayekuja" na "watakaouza". Basi huenda wajukuu zetu watasema "tunakwenda" kwa haki yao, nami nitakuwa mahali ambapo barua za malalamiko haziandikwi. Lakini "kutaka" ilikubali kukatwa hadi ikabaki silabi moja. Hii "tunakwenda ku-" imekuja na mwili wake wote, na sioni ilichotuletea ambacho -ta- haikuwa nacho, isipokuwa harufu ya mkutano wa hadhara.

Mkufunzi mwacheni aseme apendavyo darasani. Ni mgeni wenu. Ila katika mwongozo utakaofika kwa makarani, kila "tunakwenda" ifutwe. Bakizeni ile ya saa nne tu, "tunakwenda kunywa chai", na hiyo nayo kama mgahawa uko ng'ambo ya barabara.