Picha nyeusi za Houston na msalaba wa babu yako

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama mtu anaweza kusali kweli mbele ya zile picha 14 za mchoraji wa Kimarekani Mark Rothko ulizoziona Houston, katika kikanisa kisicho cha dhehebu lolote, picha zisizo na sura ya Mungu wala mtakatifu, ila weusi na zambarau tu kwenye kuta nane. Tangu nisome barua yako, mimi najiuliza jambo jingine: nani ana haki ya kuikataa sala iliyokwisha kufanywa kwa mikono?

Msalaba wa mpingo ulio juu ya mlango wa sebule unaujua, lakini hatukuwahi kuwaambia kwamba babu yako hakuuchonga kwa ajili ya nyumba yetu. Aliuchonga miezi minne chini ya turubai lake pale Mwenge, kwenye soko la wachongaji Dar es Salaam, akausugua kwa msasa mpaka uso wa Kristo ukang'aa, nao ulikuwa uso wa Kimakonde. Kamati ya parokia iliyouagiza iliutazama dakika chache, ikasema unafanana na vinyago vya mashetani wanavyouziwa watalii, ikaurudisha ndani ya gunia. Niliupakata kwenye daladala hadi nyumbani, babu yako akiwa kimya kando yangu. Maneno yale yananiuma hadi leo.

Nimesema siku zote, na ninasema tena, kwamba kazi ya mikono iliyofanywa kwa subira ni sala. Ndiyo maana nilifurahi kujua kwamba Rothko alijenga mfano wa kuta zile katika karakana yake New York, akatundika parachuti chini ya dirisha la paa ili apunguze mwanga, kama babu yako alivyolivuta turubai lake kila jua lilipohama. Naye alifariki mwaka 1970, mwaka mmoja kabla ya kikanisa kufunguliwa. Lakini wasaidizi ndio waliopaka rangi nyingi kwa maelekezo yake, na hapo nabishana na nafsi yangu. Sala ile ni ya nani? Pengine ni yake, kwa kuwa kutazama nako kunataka subira. Au pengine nimeutukuza mkono kupita kiasi kwa sababu ya mkono mmoja nilioupenda mwenyewe.

Natamani sana kukuambia kwamba picha zile ni takatifu, ila sijaketi kwenye benchi lile, na waliomhukumu babu yako hawakumpa hata nusu saa. Umesema ulikaa robo saa, siku ya jua kali. Rudi siku ya mawingu, ukae mpaka macho yauzoee ule weusi, kisha uniandikie.

Mama yako