Maswali yenu: vumbi la malori, bibi wa miaka 84 na yale maziwa ya kusafisha kifua

Meseji zenu kuhusu moshi na makaa ya mawe zimekuwa nyingi, nimeokota sita, nyingine zinafanana mno. Twende.

Shikamoo dokta. Naishi Songea, nyumba iko barabarani kabisa, malori ya makaa ya mawe yanapita usiku na mchana kuelekea Mtwara. Nikianika shuka nyeupe jioni lina vidoadoa vyeusi, na mtoto anakohoa. Ni hilo vumbi?

Marahaba mama, ila udokta mnanipa nyie tu. Mtoto siwezi kumpima kwa simu, mpeleke kituo cha afya, na kama kikohozi kimefika wiki mbili waambie wamwangalie na TB.

Sasa vumbi. Yale madoa ya kwenye shuka ni chembe kubwa kubwa, nyingi zinanaswa puani na kooni ndo maana ukipenga kamasi inatoka nyeusi. Si kwamba ni nzuri, kifua chenye pumu zinakichokoza vizuri tu, lakini zinazonitia wasiwasi zaidi ni zile ambazo shuka halikuonyeshi. Kuna chembe zina upana wa maikroni 2.5 kushuka chini, yani unywele mmoja wa kichwani unaweza kuzipanga ishirini na kitu kwa upana na bado nafasi ikabaki. Hizo hazisimami kooni, zinashuka mpaka kwenye vifuko vya hewa vya mapafu na nyingine zinavuka kuingia kwenye damu, na ndo hapo unaposikia moshi unatajwa kwenye kiharusi na moyo watu wanashangaa, moshi na kiharusi wapi na wapi. Na kwa hapo kwako chembe hizo nadhani zinatoka zaidi kwenye bomba la moshi la lori kuliko kwenye mzigo wake. Moshi wa dizeli Shirika la Afya Duniani (WHO), kupitia taasisi yake ya saratani, liliuweka tangu 2012 kwenye kundi moja na sigara, la vitu vilivyothibitika kuleta saratani.

Cha kufanya leo: mtoto alale chumba cha nyuma, dirisha la barabarani lifungwe malori yakizidi, vumbi futa na kitambaa kibichi, usifagie kavu maana unalirusha upya. Na lori likipita bila turubai andikeni namba mpeleke serikali ya mtaa mkiwa wengi, mtu mmoja hawamsikilizi.

Acheni kutisha watu. Bibi yangu kapikia mkaa na kuni mpaka miaka 84, makaa ya mawe si mkaa tu?

Hapana kaka. Mkaa ni mti uliochomwa kwenye tanuru mwaka huu au mwaka jana. Makaa ya mawe ni mimea iliyozikwa mamilioni ya miaka, na huko ardhini ikabeba salfa, zebaki, arseniki, madini ya risasi. Ukiyachoma mzigo huo haupotei, unatoka na moshi au unabaki kwenye majivu.

Na mkaa nao sijausafisha. Bibi hongera zake, lakini muulize alikuwa anapikia wapi, wengi walipikia uani au kwenye banda lenye upenyo, wewe unapikia chumba kimoja Mbagala dirisha limezibwa na kabati. Halafu walioondoka mapema hawapo wa kutusimulia. WHO wanahesabu vifo kama milioni 3.2 kwa mwaka duniani kutokana na moshi wa majikoni (hesabu ya 2020), zaidi ya 237,000 ni watoto chini ya miaka mitano.

Assalam aleikum. Mimi ni wa Lamu. Ule mtambo wa makaa tulioupinga, walisema utatia sumu samaki. Ilikuwa kweli au propaganda?

Waaleikum salaam. Kwa wasioujua, ulipangwa kujengwa Kwasasi, megawati 1,050, leseni ikatoka 2016, na Juni 2019 mahakama ya mazingira ya Kenya ikaifuta, sababu kubwa wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa.

Habari ya samaki si propaganda. Zebaki inapanda na moshi, inashuka na mvua, ikifika baharini vijidudu vinaibadilisha inakuwa ya aina ambayo mwili unaishika na kuitoa ni kazi. Dagaa anakuwa nayo kidogo, anayemla dagaa anajikusanyia, ukifika kwa papa na nduaro imeshalundikana. Mama mjamzito akila sana samaki hao inaathiri ubongo wa mtoto tumboni. Kingekuwa kiasi gani Lamu inategemea makaa gani na vichujio gani, lakini watu ambao samaki ni mboga ya kila siku walikuwa na haki ya kuuliza kabla na sio baada.

Wazungu walichoma makaa wakatajirika, sisi ndo tukatazwe?

Hoja ya utajiri naikubali nusu. Ila bili waliilipa. London, Desemba 1952, baridi imekaza na upepo umekufa, moshi wa majiko ya nyumbani na mitambo ukakwama juu ya mji siku tano, tarehe 5 mpaka 9, ukungu wa njano mpaka makondakta wanatembea kwa miguu mbele ya basi na mwenge kumwonyesha dereva njia. Makadirio ya mwanzo yalisema watu 4,000 walikufa, watafiti wa baadaye wakafika mpaka 12,000. Sheria ya hewa safi ikaja 1956, na mtambo wao wa mwisho wa umeme wa makaa waliuzima 30 Septemba 2024. Na usiende mbali, Machi 2022 Mahakama Kuu ya Pretoria, Afrika Kusini, ilisema hewa chafu ya Highveld, kule Mpumalanga kwenye mitambo ya makaa, inavunja haki ya kikatiba ya wakazi.

Mkuu, umeme ukikata tunawasha jenereta ndani ya duka tukifunga geti kwa usalama. Kichwa kinauma sana, ni kelele?

Sio kelele, acheni leo leo! Hiyo ni kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, inakalia nafasi ya oksijeni kwenye damu. Mimi mwenyewe nilishawahi kuduwaa kwenye kiti cha kinyozi, jenereta iko koridoni, nikadhani ni njaa, nilipotoka nje ndo nikajua miguu hainibebi. Jenereta ikae nje mbali na mlango na dirisha, mkaona bora iibiwe basi ifungeni mnyororo. Jiko la mkaa la kuotea moto chumbani usiku, ni hivyo hivyo.

Maziwa yanasafisha kifua? Fundi wetu wa kuchomelea anakunywa kila siku.

Maziwa yanaenda tumboni, moshi uko kwenye mapafu. Aendelee kunywa kama anayapenda.