Usimpake mbweha rangi: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Sisi huku Vienna wazima, mama yako anakusalimu sana. Umeniuliza kama umpelekee fundi yule mbweha mdogo wa bronzi uliyemnunua, ampake rangi upya, maana pua na masikio yameshababuka. Usimpelekee. Asilimia kubwa ya thamani ya mbweha huyo ni hiyo rangi kuukuu unayotaka kuifunika.

Wanyama wadogo wa bronzi kama huyo walitengenezwa mji huuhuu, kuanzia katikati ya karne ya 19 hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Wasubu walimimina bronzi kwenye kalibu za mchanga, mara nyingi kiungo kimoja kimoja, wakaviunganisha, kisha manyoya yakachorwa kwa patasi ndogo. Rangi ilikuja mwisho, tabaka juu ya tabaka, na haikuchomwa tena tanurini. Wapakaji wengi walikuwa wanawake waliofanyia kazi majumbani mwao. Kwa vile haikuchomwa, rangi hiyo hubanduka upesi pale vidole vinapopita. Kwa hiyo pua iliyobabuka ni habari njema. Ningetia shaka kama pua ingekuwa bado ina rangi yake yote na rangi imetoka ndani ya mikunjo ya tumbo, mahali ambapo hakuna kidole kinachofika.

Mgeuze umtazame chini. Franz Xaver Bergmann, mwenye karakana aliyevuma kuliko wote, alitia herufi B ndani ya chombo mfano wa jagi lenye mikono miwili, na mara nyingi utaona pia neno Geschützt, kuonyesha kwamba umbo limesajiliwa. (Kwa zile kazi zake za faragha aliandika jina kinyume, Nam Greb. Hizo tuziache.) Usimchanganye na Bermann, bila g, karakana nyingine ya hapahapa. Wala alama isikulevye: zipo za kughushi, na vitu vingi vya zamani vilivyo halali havina alama yoyote. Ukiona rangi imepita juu ya alama na kuziba herufi, jua kuna aliyekutangulia na brashi. Tafuta pia mkwaruzo wa zamani, usitie mpya, ujue kama ni bronzi kweli au zinki iliyopakwa rangi: bronzi huonyesha umanjano, zinki huonyesha kijivu.

Kuhusu kumsafisha, najua nyumba yetu ilivyolelewa kwa ndimu na majivu. Hayo ni ya sinia za shaba. Mbweha apitishiwe brashi laini kavu tu, bila sabuni, bila spiriti, bila dawa ya kung'arishia. Mkamate tumboni au kwenye kitako, usimnyanyue kwa mkia. Mweke mbali na jua la dirishani, na mbali na mjukuu wangu, kwani rangi za enzi hizo huenda zina madini ya risasi, ambayo ni sumu, na mtoto kila kitu anatia mdomoni.

Nitumie picha ya chini yake, taa ukiiweka ubavuni ili alama ijitokeze. Na huyo fundi, kama ulishampa arubuni, mwambie akupakie geti.

Baba yako