Jibu: Moshi wa bangi wa jirani unaingia chumbani, nina mtoto mchanga

Pole sana dada. Umesema jirani anavuta bangi kila usiku, moshi unapita juu ya ukuta hadi kwenu, na mwanao wa miezi minane anakohoa. Niliwahi kuishi nyumba ya kupanga ya namna hiyo Temeke, najua ulivyochoka.

Usidanganywe kwamba bangi ni jani tu. Moshi wake una chembe laini na kaboni monoksaidi kama wa sigara, na mapafu ya mtoto huumia haraka, hasa mwenye pumu. Kilevi chenyewe nacho huingia mwilini kidogo, zaidi chumba kikiwa kimefungwa. Na ile hofu yako ya kupimwa mkojo kazini ukakutwa na bangi? Kwa moshi wa kupenya tu, uwezekano ni mdogo.

Mimi nilianza na kuziba: matambara chini ya mlango, maboksi na gundi pale ukuta usipofika dari, dirisha la upande wa pili wazi. Udi usichome, unaongeza moshi juu ya moshi. Kitanda cha mtoto kihamishe leo, hakuna gharama. Kisha ongea na jirani asubuhi, akiwa hajavuta; akikaidi, mwenye nyumba, halafu mjumbe.

Kwa kikohozi hicho, mpelekeni mtoto kituo cha afya kesho. Lakini akipumua kwa shida, midomo ikibadilika rangi, au akilala kupita kawaida na kuamka inakuwa kazi, nenda usiku huohuo, na umtajie daktari bangi bila aibu.