Shangazi, niuze nini kwanza?

SWALI

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Makorora hapahapa Tanga. Mume wangu ni kibarua bandarini, na mimi nauza barafu za ubuyu na maji baridi mlangoni kwangu. Mtoto wetu mkubwa alipangiwa kidato cha kwanza shule ya bweni: godoro, tranka, sare, ndoo, nauli. Tangu hapo tunakopa huku tunalipa kule. Sasa nadaiwa hivi: kikoba 420,000, kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, nilichukua 300,000, nimesharejesha 210,000 lakini wananiambia bado 380,000 kwa ajili ya riba na faini, mkopo wa kwenye simu 70,000, daftari la Mangi wa dukani 64,000, na wifi yangu 150,000.

Nimeandika vitu vya kuuza: makochi, friza, TV ya chogo, sabufa, kabati na seti mbili za vyombo vya udongo ambazo hazijawahi kuliwa, cherehani niliyopewa nilipoolewa, doti za kanga kama ishirini na tano, baiskeli ya marehemu baba mkwe, masufuria mawili makubwa ya shughuli. Halafu nina hereni moja ya dhahabu, mwenzake ilipotea, na mkufu uliokatika. Vyote viwili alinipa mama. Mume wangu ameiona karatasi amekasirika, anasema namvua nguo mtaani. Niuze nini kwanza, na nimlipe nani kwanza?
Mama Watatu, Makorora

JIBU

Marahaba mwanangu. Karatasi yako ni nzuri, ila umeianza kwa mkia. Makochi umeyaweka juu kabisa, na hereni ukaitaja mwisho kama mtu anayeona haya. Mimi nimenunua na kuuza vitu vya nyumbani vilivyotumika, Ngamiani, tangu wanangu wanatambaa mpaka leo nina wajukuu. Nikwambie kinavyokwenda.

Makochi mtu akiniletea, siulizi alinunua kwa bei gani. Nabonyeza sponji, nainamisha nione mbao za chini kama mchwa hajapita, halafu nahesabu: nitakaa nayo muda gani dukani, pango la duka, mkokoteni wa kuyafikisha kwa mnunuzi. Ya laki sita yanaweza kuondoka kwako kwa laki na nusu, na siku ukiwa na haraka hata hiyo hupati. Dhahabu haina habari hizo. Hereni moja, mkufu uliokatika, pete iliyopinda, sonara havimshughulishi, kwa sababu yeye anakwenda kuyeyusha. Anachonunua ni uzito na karati. Na bei ya dhahabu duniani imepanda sana miaka hii, kwa hiyo hicho kijihereni unachokiona si kitu kinaweza kushinda makochi na kabati kwa pamoja.

Kiangalie kwa ndani au kwenye kishikizo utafute namba ndogo. Ukikuta 750 ni karati 18, yaani sehemu 18 kati ya 24 ndiyo dhahabu yenyewe. 875 ni karati 21, 916 ni karati 22. Kama hakuna namba, sonara atapima mwenyewe, na wewe ukae hapohapo uone. Kama kuna kijiwe, kitolewe kabla ya kupima, maana jiwe halinunuliwi kwa gramu ya dhahabu. Mzani usome sifuri kwanza. Uliza bei ya gramu ya siku ile, kisha nenda kwa sonara wa pili bila kumtajia bei ya yule wa kwanza. Ile pesa uliyolipa zamani kwa ufundi na nakshi isahau, hairudi.

Sasa kabla hujauza kingine chochote, nijibu swali hili moyoni mwako. Siku unachukua ile 300,000 kwa kausha damu, hawakuja nyumbani kupiga picha? Kwa kawaida wanapiga: friza, TV, makochi, na karatasi inasainiwa mbele ya mjumbe. Kama walifanya hivyo, vitu hivyo ni dhamana. Ukiviuza kabla hujawamaliza, umejitafutia kesi juu ya deni. Tafuta ile karatasi uisome mstari kwa mstari, hata kama maandishi yake ni ya sisimizi. Ndiyo maana nakwambia dhahabu na kanga kwanza. Hivyo hawakuvipiga picha.

Na hao ndio wa kulipwa kwanza. Deni lao linakua kila wiki ukiwa umelala. Usiende peke yako, nenda na mtu mzima mwenye maneno machache. Waombe waandike hesabu: ulichokopa, riba, faini, ulicholipa. Katika 300,000 umerejesha 210,000, kwa hiyo ile 380,000 sehemu kubwa ni riba na faini, nao wanalijua hilo. Waulize leseni pia. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayekopesha kibiashara awe na leseni, na asiyekuwa nayo huwa mpole ghafla. Ukishashika fedha za sonara, waambie: leo ninacho kiasi hiki, nifutieni faini tumalizane. Nimewaona wengi wakikubali, kwa sababu fedha iliyo mezani wanaipenda kuliko faini iliyo daftarini. Usitoe hata shilingi kabla hujaandikiwa kwamba deni limekwisha. Kama walikushikia kitambulisho au kadi ya benki, ondoka navyo mkononi.

Mkopo wa simu ulipe mapema, halafu ifute hiyo programu. Kama wanawatumia ndugu zako ujumbe wa kukuaibisha, jua hawana ruhusa hiyo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu za mikopo zisizo na leseni. Tazama kama wako wamo.

Mangi mpelekee hata elfu ishirini wiki hii. Si kwa sababu anauma, bali unga wa watoto unapita kwake. Kikoba usikikimbie. Simama kikaoni mwenyewe, kabla hawajakutaja, uombe muda. Waliokudhamini hisa zao zimeshikwa kwa ajili yako, na mwanamke akiacha kuja vikao ndipo wenzake wanapoanza kusema. Angalia pia hisa zako mwenyewe, huenda mgao ukimeza sehemu ya deni. Wifi atakuwa wa mwisho, lakini mpe tarehe. Ukimya ndio unaoharibu undugu.

Turudi kwenye vitu. Friza usiiguse, hiyo ndiyo inayowalisha. Masufuria ya shughuli nayo usiuze, yakodishe. Tanga hii haipiti wiki pasipo hitima, maulidi au arusi, na kila shughuli inatafuta sufuria. Baiskeli ya marehemu si yako wala ya mumeo peke yake mpaka mirathi igawanywe. Hata kama imelala ukutani na pancha mbili, ina wenyewe. Mumeo akae na ndugu zake wakubaliane. TV ya chogo, mwanangu, hiyo mpe fundi achukue vipuri, ukipata elfu kumi na tano shukuru Mungu. Sabufa vijana watainunua hata kesho, ijaribishe mbele yao kwa sauti kubwa kidogo.

Kanga ndizo zinazonipa maneno. Wanawake wa pwani tunalala juu ya mali. Doti ambayo haijakatwa wala kushonwa pindo, bado ina harufu ya dukani, hiyo ni mpya. Usiiuze kama mtumba. Zipange mafungu matatu: zisizokatwa, zilizokatwa lakini hazijavaliwa, na zilizovaliwa. La kwanza liuze kwa bei inayokaribia ya duka, punguza elfu mbili tatu mtu aone amepata. La pili nusu bei. La tatu usijisumbue, liwe la kubebea watoto na la kupokelea wageni wa msibani. Jina la kanga nalo lina bei yake: yenye maneno ya mafumbo makali inaondoka upesi kuliko ya dua, sijui kwa nini tuko hivyo. Kisutu chako cha arusi kitoe kwenye fungu ukifiche. Hicho hakiuzwi kwa deni la faini.

Na majira uyatazame. Ndani ya Ramadhani arusi hakuna, lakini ikiisha, Mfungo Mosi, wasichana wanaolewa mpaka unachoka kualikwa. Hapo ndipo kanga, vyombo vya udongo na kabati vinapotafutwa na mama wa bibi arusi. Kama umeshawamaliza kausha damu kwa dhahabu, hivi vingine unaweza kuvisubirisha. Mwenye njaa ya leo huuza kwa bei ya leo, na sisi wenye maduka tunaitambua haraka usoni kabla mtu hajafungua mdomo.

Cherehani, niambie ukweli, mara ya mwisho uliitia uzi lini? Kama hukumbuki, iuze, ila kwa fundi nguo, si kwa dalali. Ipake mafuta, badilisha sindano, weka kitambaa fundi ashone mwenyewe mistari mitatu.

Kuhusu mumeo. Baba huyo ana neno, usimdharau. Makochi yakitoka mlangoni mchana juu ya mkokoteni, mtaa mzima wa Makorora utajua, na yeye ndiye atakayepita kijiweni jioni. Kwa hilo namuunga mkono: makochi yabaki. Lakini muulize, kausha damu wakija na gari na kijana wa kubeba friza huku majirani wamesimama barazani, hapo atakuwa amevaa nguo gani? Hereni inatoka ndani ya pochi, haimwonyeshi mtu chochote. Kanga zinatoka ndani ya mfuko wa plastiki, shoga yako wa Chumbageni anaziuza kwa wenzake kazini. Na hiyo dhahabu ni yako, umepewa na mama yako. Hata angekupa yeye, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huchukulia kwamba zawadi mume aliyompa mke ni mali ya mke, mpaka ithibitishwe vingine. Sikwambii hayo umtishe nayo. Mwambie kwa upole, baada ya chakula, na karatasi mpya mkononi ambayo makochi hayamo.

SWALI FUPI

Shangazi, mimi ni kijana wa Kange. Natangaza vitu vya nyumbani kwenye status ya WhatsApp. Mtu wa Muheza kataka feni na meza, kanitumia ujumbe wa muamala, anasema bodaboda yuko njiani kuchukua mzigo. Nimpe?

JIBU

Usitoe hata waya wa feni. Ujumbe si fedha, mtu anaweza kuuandika mwenyewe na kuutuma. Funga huo ujumbe, ingia kwenye menyu ya mtandao wako, tazama salio. Likiwa limeongezeka, mpe bodaboda. Lisipoongezeka, mwambie mnunuzi asubiri, na akianza kupiga simu kila dakika akikuharakisha, umeshapata jibu lako. Namba yake iripoti kwa kutuma ujumbe kwenda 15040. Na bodaboda usimgombeze, mara nyingi naye ameitwa tu, hajui lolote, na nauli yake hajalipwa.