Bi mkubwa anajisikia mzima kwa sababu anameza vidonge. Usimwachishe!

Usimwachishe. Salamu baadaye.

Umeandika kwamba mama yako wa Usa River ana miaka 63, kliniki ya presha imempa amlodipine na hydrochlorothiazide, siku hizi anajisikia mzima kabisa, na sasa kuna mtu wa tiba lishe anayetaka aache vidonge aanze kifurushi cha kusafisha mishipa. Ukauliza na ya magoti, usingizi, chakula na mazoezi ya uzeeni. Mdogo wangu, hapo kwenye kuacha vidonge ndipo unapoenda kumpotezea mama afya yake yote, kwa hiyo tuanzie hapo.

Presha haiumi. Mtu anaweza kutembea na presha ya 180 akacheka, akalima, akaenda jumuiya, huku moyo, figo na mishipa ya ubongo vinaharibika. Huyo mama hajapona. Presha yake imeshikwa na vidonge, na akiviacha inarudi.

Mimi nilimpeleka baba kwenye semina ya watu hao hao, ukumbini Moshi mjini. Hakuna kiingilio, chai na maandazi vipo. Walimshikisha kijiti cha chuma kilichounganishwa na kompyuta, printa ikatoa makaratasi ya rangi: ini bovu, figo zimechoka, kongosho ina mafuta, mishipa imeziba. Hakuna aliyemtoa damu, hakuna aliyemfunga mkanda wa presha mkononi. Kijiti hakioni figo! Figo hupimwa kwa damu na mkojo, maabara. Kisha kijana mmoja aliyevaa koti jeupe, wala si daktari wala nesi, akatuambia dawa za hospitali ndizo zinazoua figo, mzee azipumzishe. Uongo mtupu. Presha isiyodhibitiwa ndiyo inayokula figo, na ni moja ya sababu kubwa zinazowafikisha watu kwenye kusafishwa damu kwa mashine. Tukauza ndama, tukanunua makopo yao, baba akaweka kando vidonge vyake vya presha.

Na sikiliza hapa vizuri, maana ndipo mama yako atakaponaswa. Wiki za mwanzo baba alichangamka. Miguu iliyokuwa inavimba ikanywea, akawa anawasifia hao watu kanisani. Kumbe amlodipine, aliyokuwa anameza na yeye, huwavimbisha miguu baadhi ya watu, na ukiiacha uvimbe unaondoka. Tuliona miguu imepona, kumbe presha inapanda na hakuna anayeipima. Ule uvimbe ulikuwa wa kumwambia daktari apunguze dozi au abadilishe dawa, basi.

Asubuhi moja kikombe kikamponyoka, mdomo ukapinda, maneno hayaeleweki. Nyumbani wakasema ni upepo mbaya, kumbe ni kiharusi. Wakamchua mafuta, wakaita watu wa maombi. Maombi siyapingi hata kidogo, lakini yangeweza kufanyika ndani ya gari tukielekea hospitali. Dawa ya kuyeyusha donge la damu kwenye ubongo, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya CT kuonyesha kwamba si mshipa uliopasuka. Sisi tulifika saa hizo zimeshapita. Mtu aliyekuwa anapogoa kahawa yake mwenyewe leo anavalishwa shati. Nilipompigia yule kijana, alisema hiyo ni sumu inatoka mwilini, tuongeze kifurushi cha pili. Mzee amepooza upande mzima, yeye anauza cha pili!

Watu wa kanda hii tunasahau haraka mno. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Babu kwa shilingi 500, na wapo walioacha dawa za kisukari na hata ARV wakiamini wameshapona.

Kwa hiyo: dawa ya presha inabadilishwa na daktari akiwa ameona namba za mashine. Haibadilishwi na mtu anayeuza kitu kingine, wala na mgonjwa kwa jinsi alivyoamka. Kama kidonge kinamsumbua, kuna njia. Kikohozi kikavu kwa anayetumia enalapril au captopril, nazo ni dawa za presha, kinajulikana, daktari atampa aina nyingine. Hydrochlorothiazide inaleta mkojo, na akina mama wengi huiruka siku ya basi la Dar. Amweleze nesi, wapange saa ya kumeza.

Nunueni mashine ya presha ya mkanda wa mkono wa juu, si ya kifundo cha mkono. Akojoe kwanza, akae ameegemea dakika tano bila kuongea, miguu chini, mkono mezani usawa wa moyo, na asiwe amekunywa kahawa nusu saa kabla. Mpime mara mbili, uandike zote kwenye daftari la kliniki. Ikiwa 140/90 au zaidi siku baada ya siku, arudi kliniki kabla ya tarehe yake. Ikifika 180/120 na kifua kinauma, anahema kwa shida, mdomo umepinda au mkono umelegea, ni hospitali saa hiyo hiyo. Na kwa umri wake aulizie dirisha la wazee, asikae foleni ya wote.

Chakula nitasema moja tu. Chumvi ya siku nzima isifike gramu 5, yaani kama kijiko cha chai, na Wachaga wenzangu msinirushie mawe: magadi ya kwenye kiburu na makande nayo ni sodiamu. Mama anaweza kuacha kuongeza chumvi mezani akajiona ameshinda, kumbe sufuria imejaa magadi.

Huyo wa kifurushi akirudi, mwambie aonyeshe majibu ya maabara ya figo za mama, yenye damu iliyotolewa mkononi. Hana.

Kesho asubuhi, kabla ya chai na kabla ya kidonge, mpime mama halafu uandike namba hapa chini. Na kidonge chenyewe ameze.